Kipimo cha Mwenyewe: Historia ya Kuirekebisha Kompyuta Imfae Mtumiaji wa Kiswahili, kwa Mifano ya Kwale

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kufuatilia historia ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni jinsi mtumiaji wa Kiswahili alivyopata, au alivyokosa, uwezo wa kuipanga kompyuta yake imfuate yeye badala ya yeye kuifuata. Wanaisimu wetu wameandika mengi kuhusu istilahi za kompyuta. Wamebishana kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na kama kile kidude kinachoshikwa kwa kiganja kiitwe kipanya au puku. Mjadala huo una faida yake, lakini umetufanya tuitazame kompyuta kama orodha ya majina yanayosubiri tafsiri. Kompyuta ni zaidi ya hayo. Ndani yake mna kalenda, saa, kipimo cha karatasi, utaratibu wa kupanga alfabeti, alama ya fedha, na orodha ya maneno yanayohesabiwa kuwa sahihi. Kila kimoja kati ya hivyo ni uamuzi uliofanywa na mtu fulani mahali fulani, na mara nyingi mtu huyo hakuwa na habari ya Kwale.

Nimeichagua Kwale kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ukanda huu wa kusini mwa pwani ya Kenya, kutoka Tiwi na Diani hadi Msambweni, Shimoni na Vanga, una Kiswahili cha aina nyingi pamoja na lugha nyingine za Kimijikenda. Kuna Kivumba cha Wasini na Vanga, Kichifundi cha upande wa Funzi na Shirazi, Kidigo kinachosemwa na wenyeji wengi, Kiduruma upande wa Kinango, na Kiswahili sanifu cha shule na ofisi. Mashine inayodai kumfaa mtumiaji hupata mtihani wake hasa mahali kama hapo. Sababu ya pili ni kwamba huko ndiko ninakokwenda likizo zinapofika, na mambo mengi nitakayoyataja nimeyaona kwa macho.

Juu ya neno lenyewe

Kabla ya kuingia katika historia hatuna budi kuliangalia tendo lenyewe linaitwaje. Programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zimetupa majina kadhaa. Mahali pa kupangia mambo huitwa "mipangilio", na neno hili limekubalika bila matata. Tendo la kuipanga mashine kwa matakwa ya mtu binafsi ndilo lililoleta shida. Pengine tunaambiwa "weka mapendeleo", pengine "geuza kukufaa", na pengine "binafsisha".

Hilo la mwisho lina bahati mbaya. Katika miaka ya 1990 kitenzi "kubinafsisha" kilishika kazi nyingine: ndicho kilichotumika mashirika ya umma yalipouzwa kwa watu binafsi, na nchini Tanzania hasa kilikuwa neno la magazeti na la hotuba karibu kila siku. Msomaji wa makamo anayeambiwa na mashine yake "binafsisha" hana kosa akidhani anaulizwa kama angependa kuiuza. "Geuza kukufaa" ni fungu la maneno linaloeleweka, lakini ni refu na gumu kunyambulika: huwezi kupata nomino yake kwa urahisi.

Kwa maoni yangu lugha ilikwisha kuwa na wazo hili kwa fundi cherehani. Kanzu ya dukani imeshonwa kwa mtu asiyejulikana, na anayeinunua hujitahidi kuenea ndani yake. Kanzu ya fundi hukatwa kwa kipimo cha mwenyewe. Katika makala haya basi nitasema "kupima kwa mwenyewe", nikikusudia tendo la kuirekebisha mipangilio ya mashine imfae anayeitumia. Sidai kwamba baraza lolote lilipitishe neno hili. Nalitumia kwa sababu linanisaidia kuuliza swali la kihistoria, yaani: ni nani aliyepimwa wakati kompyuta ya Kiswahili ilipokatwa?

Kabla ya kompyuta

Kipimo cha kwanza cha chombo cha kuandikia Kiswahili kilikuwa cha hati ya Kiarabu. Hati hiyo haikuwa na herufi za sauti kadhaa za Kiswahili, na waandishi wa pwani walijiongezea walichokihitaji, kila mmoja kwa mazoea ya mji wake na mwalimu wake. Kalamu ya unyasi haina mipangilio ila mkono wa anayeishika. Uhuru huo ulikuwa na gharama yake, kwa sababu msomaji alilazimika kuijua lugha barabara kabla ya kuisoma. Hata hivyo ulikuwa uhuru.

Hati ya Kirumi ilipowekwa na wamisionari, hasa baada ya Edward Steere kuchapisha kitabu chake cha mwongozo wa lugha mwaka 1870, jambo moja lilitokea ambalo umuhimu wake ulionekana karne moja baadaye. Kiswahili kiliandikwa bila alama yoyote juu wala chini ya herufi. Sauti zisizo na herufi yake zilipewa jozi: ch, sh, th, dh, gh, ny, na ng' yenye kistari. Kwa hiyo taipureta iliyoundwa kwa Kiingereza iliandika Kiswahili bila kubadilishwa hata kibonye kimoja, na kompyuta nazo zikafanya vivyo hivyo. Tukilinganisha na Kikuyu na Kikamba, ambazo zinahitaji alama juu ya i na u, tunaona tofauti kubwa. Mwandishi wa lugha hizo alilazimika kuipima mashine kwa lugha yake tangu siku ya kwanza, ama sivyo aandike kwa upungufu. Mwandishi wa Kiswahili hakulazimika, na kwa kuwa hakulazimika, hakujifunza. Naliona jambo hili kuwa chanzo kimoja cha unyonge wetu: chombo kilitukubali upesi mno, hata hatukukiuliza kinatukubali kwa masharti gani.

Wakati huo huo lugha yenyewe ilikuwa inakatwa kwa kipimo kimoja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Lahaja za kusini mwa Mombasa hazikupata nafasi katika vitabu vya shule. Zilipata nafasi katika utafiti: H. E. Lambert alitoa vijitabu vyake kuhusu Kivumba na Kichifundi mwishoni mwa miaka ya 1950, kazi ambayo bado inatufaa. Lakini kuna tofauti kati ya lahaja kuandikwa juu yake na lahaja kuandikiwa kwayo. Msomaji alikumbuke jambo hili, maana tutalikuta tena ndani ya kompyuta.

Miaka ya mashine isiyoijua Kenya

Kompyuta ndogo za mezani zilipoanza kuingia katika ofisi na vyuo vyetu katika miaka ya 1980, mipangilio yake ilikuwa katika faili fupi lililosomwa mashine inapowashwa. Mtumiaji aliweza kuiambia nchi yake kwa nambari, nayo ikajua namna ya kuandika tarehe na fedha. Uingereza ilikuwa na nambari, Marekani ilikuwa na nambari, na kadhalika Ufaransa na Ujerumani. Ofisi nyingi hazikugusa faili hilo kabisa, na mashine zikabaki Wamarekani.

Matokeo yake yalikuwa ya kila siku. Sisi huandika siku kwanza kisha mwezi, na Mmarekani huandika mwezi kwanza kisha siku. Tarehe 3/4 kwetu ni tatu Aprili na kwake ni nne Machi, na mashine haina njia ya kujua ni nani aliyekaa mbele yake. Baada ya siku ya 12 ya mwezi kosa hujitokeza lenyewe kwa sababu hakuna mwezi wa 13, lakini kabla ya hapo hukaa kimya ndani ya rejista. Hali ni hiyo hiyo kwa karatasi. Kenya hutumia karatasi ya A4, lakini mashine iliyopangwa kwa Marekani huidai karatasi fupi na pana zaidi ya huko, na printa husimama ikisubiri karatasi isiyouzwa Ukunda wala Msambweni. Ukipita leo katika vyumba vya saiba kando ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga utamwona kijana wa kazi akibonya kitufe cha printa kwa mazoea ili ikubali karatasi iliyopo. Habadilishi mpangilio. Amejifunza kuvumilia mashine kama mtu avumiliavyo mlango unaokwama.

Mipangilio ya nchi na eneo ilipoanza kuonekana kwa picha na orodha katika Windows, hali ilibadilika. Katika Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, mtumiaji aliyefungua orodha ya lugha aliweza kukuta Kiswahili, na mbele yake jina la Kenya. Akikichagua, siku na miezi ziliandikwa kwa Kiswahili katika saa na kalenda yake, ingawa amri zote zilibaki za Kiingereza. Ulikuwa ushindi mdogo wa kuchekesha: mashine ilisema "Jumatano" pembeni mwa skrini na Kiingereza kitupu kwingine kote.

Mwaka 2004 na baadaye

Mwaka 2004 una nafasi maalum katika historia hii. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi uliojulikana kwa jina la Kilinux, ukishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulitafsiri programu huria ya kuandikia na kufanyia hesabu, na mwishoni mwa mwaka huo ukaitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Mwaka huo huo Microsoft ilitangaza nia ya kuweka Kiswahili katika bidhaa zake. Orodha ya istilahi ilitayarishwa kwa msaada wa wataalamu wa Kiswahili wa eneo hili, na katika miaka iliyofuata Windows XP na Office 2003 zikapata kiolesura cha Kiswahili. Kamusi ya mtandaoni iliyoanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994 ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba wako watu wengi wanaokitafuta Kiswahili kwa njia hii.

Mtu angetazamia kwamba juhudi hizi mbili zingekutana. Hazikukutana, na ushahidi umo katika herufi nne tu. Mashine hukitambua Kiswahili kwa alama mbili zilizounganishwa, ya lugha na ya nchi. Microsoft ilikiandikisha Kiswahili chake kwa sw-KE, yaani Kiswahili cha Kenya. Programu huria zilikiandikisha kwa sw-TZ, yaani cha Tanzania. Hata orodha ya maneno ya kusahihishia tahajia iliyotumiwa na programu huria, ambayo ilitayarishwa na Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, nchini Kenya, inajulikana kwa alama ya Tanzania. Ugomvi wa zamani wa Kimvita na Kiunguja, ambao tulidhani ulikwisha mwaka 1928, umerudi ukiwa umevaa mavazi ya nchi mbili. Mtumiaji wa Vanga, ambaye akitembea kidogo tu kuelekea kusini yuko Tanzania na ambaye ana jamaa pande zote mbili, hulazimika kuchagua mojawapo.

Je, tofauti hiyo ina maana yoyote? Inayo, kwa sababu kila alama hubeba mazoea yake. Data za maeneo zinazokusanywa na shirika la Unicode, ambazo hutumiwa na simu na kompyuta nyingi za leo, zinaipa Kenya juma linaloanza Jumapili, na Tanzania juma linaloanza Jumatatu. Hapa Mswahili ana haki ya kucheka. Lugha yenyewe inaanza kuhesabu siku ya Jumamosi, kama jina linavyosema, kisha ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano, halafu inaingia Alhamisi, ambayo maana yake kwa Kiarabu ni ya tano pia. Tuna "tano" mbili katika juma moja, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, zimekaa jirani kwa karne nyingi bila kugombana. Hakuna kati ya nchi hizi mbili iliyoanzishiwa juma lake Jumamosi. Windows humruhusu mtumiaji kuichagua mwenyewe siku ya kwanza, na hicho ni kipimo kimoja ambacho kila mwalimu wa Kiswahili anaweza kujikatia leo hii kabla ya chakula cha mchana.

Saa

Nitakaa kidogo juu ya saa, kwa sababu hapo ndipo mgongano wa lugha na mashine unapoonekana waziwazi kuliko kwingine kote.

Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza na tangu linapotua. Saa moja ya asubuhi ndiyo saba ya mashine. Karibu na ikweta, ambapo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, hesabu hii ni ya akili kabisa, na ndiyo inayotumika sokoni, shambani, msikitini na katika matatu kuanzia Ukunda hadi Vanga. Mashine haiijui. Jambo la kushangaza ni kwamba data za Kiswahili za Unicode zinaijua nusu. Adhuhuri inaitwa humo "saa sita za mchana" na usiku wa manane "saa sita za usiku", kama anavyosema mtu yeyote. Lakini tarakimu inayoonyeshwa na saa wakati huo huo ni 12:00. Mtafsiri aliandika anavyosema, mhandisi aliandika anavyohesabu, na hakuna aliyewakutanisha.

Je, mtumiaji anaweza kujipimia? Anaweza, na njia yake inavutia. Asiiguse saa yenyewe. Akiipeleka nyuma au mbele kwa mkono, barua pepe zake zitakuwa na wakati wa uongo, na baadhi ya tovuti zinazotegemea hati za usalama huenda zikamkatalia. Abadilishe ukanda wa saa. Kenya iko saa 3 mbele ya wakati wa dunia. Akichagua ukanda ulio saa 3 nyuma, ule wa Buenos Aires, mashine itapungua kwa saa 6 kamili, na saa 7:00 za asubuhi itazionyesha kuwa 1:00. Kwa njia hii tarehe hubadilika jua linapochomoza.

Lakini mapokeo ya pwani hayaanzi siku asubuhi. Siku huanza magharibi, na ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwetu ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao Mwingereza angeuita wa Alhamisi. Basi achague ukanda ulio mbele kwa saa 6 kuliko Nairobi, nao ni wa Tokyo. Alhamisi saa 6:00 za jioni za mashine ya Kenya ni saa sita za usiku huko Japani, na tarehe inageuka: kompyuta ya Msambweni inaingia Ijumaa karibu na wakati wa adhana ya magharibi. Saa 7:00 ya jioni inasomeka 1:00. Kinachobaki ni zile alama za AM na PM, ambazo sasa zimegeuka kinyume. Windows humruhusu mtumiaji kuandika alama zake mwenyewe. Mahali pa AM aandike "usiku" na mahali pa PM aandike "mchana". Ikifika saa 1:00 ya asubuhi ya Mswahili, skrini itasema "1:00 mchana", na ikifika saa 2:00 baada ya isha itasema "2:00 usiku". Nimeitumia mashine yangu hivyo kwa muhula mzima. Kasoro yake kubwa niliyoiona ni kwamba barua iliyochapwa baada ya magharibi hubeba tarehe ya kesho, jambo ambalo makarani wa chuo hawalipendi.

Msomaji anaweza kusema kwamba huu ni mchezo tu. Sikubali. Ni ushahidi kwamba hesabu ya saa ya Kiswahili haipingani na mashine hata kidogo. Kila kinachohitajika kimo ndani yake tayari, kwa jina la mji wa mbali. Kilichokosekana ni mtu wa kukiweka chini ya jina letu. Katika kamati zote zilizokaa kuhusu kompyuta na Kiswahili, juhudi ilitumika kutafuta neno la kila kitufe, na saa, ambayo mtumiaji huitazama mara nyingi kuliko kitufe chochote, ikaachwa kama ilivyokuja.

Mstari mwekundu

Jambo linalomgusa mwandishi zaidi ni usahihishaji wa tahajia. Anayeandika Kiswahili katika programu iliyopangwa kwa Kiingereza huuona ukurasa wake umejaa mistari myekundu, na mara nyingine mashine humsahihisha bila kuulizwa. Akiandika "Nyumba i wapi?" mashine huigeuza ile i kuwa herufi kubwa, kwa sababu kwa Kiingereza herufi hiyo ikisimama peke yake ni nafsi ya kwanza. Nyumba ya watu imegeuzwa kuwa "mimi".

Kiswahili hakisahihishwi kwa orodha ya maneno peke yake. Kitenzi kimoja huzaa maumbo kwa mamia, kwa kuwa viambishi vya nafsi, wakati, mtendwa na unyambulishi hupangika pamoja. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alilitambua hilo mapema, akaanza mwaka 1985 kutengeneza mfumo wa kuichanganua mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta. Nasi tusione haya kukiri kwamba kazi ya msingi ya aina hii ilifanywa Ufini kabla ya kufanywa Nairobi.

Hata ule ukoo mdogo wa ng' una matata. Kile kistari kinaweza kuandikwa kwa alama tatu zinazofanana machoni: kile kilichonyooka cha taipureta, kile kilichopinda ambacho programu hukiweka kwa kujipendekeza, na kile ambacho Unicode imekitenga kiwe herufi kamili. Kwa mtu zote ni moja. Kwa mashine ni tatu mbalimbali, na mtafiti anayetafuta "ng'ombe" katika mkusanyiko wa matini atawapata ng'ombe wa zizi moja na kuwakosa wa mengine mawili. Ni jambo la kuamuliwa katika mipangilio, mara moja, kabla ya kuanza kuandika tasnifu.

Sasa tumfikirie mwandishi wa Kidigo. Alfabeti ya lugha hiyo iliwekwa kwa busara ile ile ya Steere, bila alama za ziada: madzi, mudzi, dzuwa, tsi, phatu, kpwamba. Kibodi yoyote inaiandika. Kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iitwayo Mgombato ilitolewa mwaka 2004, mwaka ule ule wa Jambo OpenOffice, na Agano Jipya kwa Kidigo lilifuata mwaka 2007. Kwa upande wa uchapishaji basi lugha ina msingi. Lakini mwandishi akiichagua mashine isome Kiswahili, kila neno la Kidigo ni kosa, na kosa baya zaidi ni lile linalofanana na jibu: "atu" linadaiwa kuwa "watu", "mudzi" linadaiwa kuwa "mji", "chitu" linadaiwa kuwa "kitu". Mashine inamfundisha Mdigo kwamba lugha yake ni Kiswahili kilichoandikwa vibaya. Walimu wa zamani walisema hivyo kwa kiboko. Mashine inasema kwa wino mwekundu.

Hapa kipimo cha mwenyewe kina nguvu ya kweli. Programu nyingi za kuandikia zina kamusi ya mtumiaji, faili la kawaida la maneno aliyoyaongeza mwenyewe, neno moja katika kila mstari. Mtu wa Wasini anayeandika hadithi za bibi yake kwa Kivumba anaweza kuyaingiza maneno yake, na mashine haitamwambia tena kwamba amekosea. Faili hilo linaweza kunakiliwa, likapewa mwenzake wa Vanga, naye akaongeza yake. Nimewaambia wanafunzi wangu mara nyingi kwamba faili kama hilo, likitunzwa kwa miaka mitatu na watu kumi, ni mwanzo wa kamusi ya lahaja ambayo Kamati ya mwaka 1930 isingeifikiria. Wachache wamelifanya. Kevin Donnelly naye amekwisha kuonyesha, kwa zana zake alizoziita Andika!, kwamba hata Kiswahili cha hati ya Kiarabu kinaweza kupangiwa kibodi yake na kuandikwa kwa kompyuta.

Kompyuta isiyo ya mtu

Imesemwa mara nyingi kwamba kiolesura cha Kiswahili hakikushika kwa sababu istilahi zake zilikuwa ngeni. Sehemu ya hoja hiyo ni kweli, lakini nadhani imepewa uzito usio wake. Watu wa pwani wameyapokea maneno mageni zaidi ya hayo. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni mbili, na zote zinahusu umiliki.

Kwanza, kukifikia Kiswahili kulihitaji Kiingereza. Aliyetaka mashine imsemeshe kwa lugha yake alipaswa kupita orodha nne au tano za Kiingereza, kupakua kifurushi cha lugha, na kuiwasha mashine upya. Asiyejua Kiingereza hakufika, na aliyefika hakukihitaji sana.

Pili, katika Kwale "kompyuta ya mtu binafsi" kwa muda mrefu haikuwa ya mtu yeyote binafsi. Ilikuwa ya saiba, ya ofisi ya chifu, ya maabara ya shule au ya mapokezi ya hoteli huko Diani. Anayelipa kwa dakika hana muda wa kupanga mipangilio. Na hata akiipanga, saiba nyingi huwekewa programu inayofuta kila mabadiliko mashine inapozimwa, ili virusi na utundu wa wateja visibaki. Mteja wa asubuhi akiweka Kiswahili, wa jioni atakuta Kiingereza. Niliwahi kumwuliza kijana aliyesimamia saiba moja kwa nini asiache angalau mashine moja iwe ya Kiswahili. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, ikiharibika mie ntaitengeneza vipi? Maelezo yote ya kutengeneza n'nayo kwa Kiingereza." Lahaja yake ilikuwa safi kuliko ya wengi wetu idarani.

Kifaa kilichokuwa cha mtu kweli ni simu. M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, menyu yake ilimpa mteja nafasi ya kuchagua lugha, na mpangilio huo ulikaa katika kadi yake mwenyewe, mfukoni mwake, bila kufutwa na mtu. Simu za Android zilipoenea, neno "Mipangilio" likaonekana na watu ambao hawajawahi kukaa mbele ya kompyuta ya mezani. Katiba ya mwaka 2010 ilikuwa imekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini mama muuza samaki wa Gazi aliyeweka simu yake kwa Kiswahili hakuifanya hivyo kwa ajili ya katiba. Aliifanya kwa sababu simu ni yake na kesho ataikuta kama alivyoiacha.

Inayobaki ni kazi ya lugha ambazo bado hazimo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mtandao wa watafsiri wa Afrika uliingiza data za lugha nyingi za bara hili katika hazina ya Unicode, na za Kenya zilizoingia ni pamoja na Kitaita, Kikamba, Kiembu, Kimeru, Kigusii, Kijaluo, Kiluhya na Kikalenjin. Kidigo hakikuwa katika kundi hilo, ingawa kina alama yake ya kimataifa ya herufi tatu, dig. Kuandaa data hizo si kazi kubwa: majina ya miezi, majina ya siku, namna ya kuandika tarehe na fedha, majina ya nchi na lugha chache. Mwalimu mmoja na wazee wawili wa Msambweni wanaweza kuimaliza katika likizo moja. Nimekwisha kuianza na wenzangu wa huko, na tumekwama mahali pamoja. Wamijikenda wana juma lao la siku nne, ambalo lilipanga masoko na mapumziko ya shamba tangu zamani, na wazee wanataka liwemo. Fomu ina nafasi saba.